Bei ya Moyo Mtulivu

Oresta Kiyeyeu alikuwa na moyo mgumu kushtuka kuliko wote waliowahi kukaa mbele ya Mizani ya Makambako, na moyo huo ndio uliomlisha. Mapigo hamsini na nane kwa dakika, iwe heri iwe shari. Aliwahi kutamka kufilisika kwa kampuni moja ya ndege kwa mapigo hamsini na tisa, kisha akatoka kwenda kunywa chai ya tangawizi kwa mama lishe wa ng'ambo ya barabara.

Asubuhi ile, ndani ya chumba cha utulivu, bangili yake ilionyesha sabini na nne.

"Ivue uivae tena," alisema Wakili Chavala, mwanasheria wa kampuni ya Mianzi ya Nyololo. "Labda imekaa vibaya."

"Imekaa vizuri, Wakili."

"Basi kunywa maji."

"Nimekunywa chupa mbili. Tatizo si kiu. Tatizo ni mstari wa sita."

Chavala akaufunga mlango kwa kisigino. Karatasi ya tamko ilikuwa mezani, mistari minane tu, na wa sita ulisema: *Hakuna kiwanda kitakachofungwa wala mfanyakazi atakayepunguzwa kwa sababu ya muungano huu.*

Kizazi kimoja nyuma, mashine zilikuwa zimejifunza kuandika taarifa za fedha vizuri kuliko wahasibu, na kuiga sauti za wakurugenzi hadi wake zao wakadanganyika. Masoko ya hisa yalilala miezi saba, kwa sababu hakuna aliyemwamini mwenzake. Yalipofufuliwa, sheria ilikuwa moja: habari yoyote inayoweza kusogeza bei sharti itamkwe na mtu wa nyama na damu, hadharani, bangili mkononi. Bangili husoma mapigo, jasho na joto, Mizani hupima, taa ya kijani huwaka kwa ukweli na nyekundu kwa uongo. Mashine za wanunuzi wa hisa huwa zimeshauza na kununua kabla mtamkaji hajafunga mdomo. Na ili mtamkaji asije akadanganya bila kujua, sheria ilimlazimisha asome kila waraka wa kampuni, hata ule wa siri.

Ndiyo maana Jumatatu Oresta, mtamkaji aliyekodiwa na Nyololo, alikisoma kiambatisho cha tatu cha mkataba wa muungano. Kilikuwa na kichwa kizuri, "Faida ya Kuungana", shilingi bilioni tisa kila mwaka. Chini yake, kwa herufi ndogo, ilielezwa faida hiyo itatoka wapi. Kiwanda cha Nyololo kifungwe ndani ya miezi sita. Mashamba ya mianzi yang'olewe. Watu mia sita na kumi na wawili waende zao. Wanunuzi, kampuni ya Lihumbe ya Songea, walitaka kitu kimoja tu: chachu mama, ile inayougeuza utomvu wa mianzi kuwa ngozi ya kuwafunika walioungua moto. Wakishaipata, wangeikuzia kwenye matangi yao na mianzi isingehitajika tena.

"Sikiliza," Chavala alisema, na sauti yake ikalainika. "Kabla ya habari hizi hisa ya Nyololo ilikuwa mia nne na themanini. Lihumbe wameahidi mia saba. Leo iko mia sita sitini na mbili. Hizo thelathini na nane zilizobaki ni wasiwasi wa soko tu, na wewe ndiye wa kuuondoa. Nusu ya hisa ziko kwa nani? Kwa wagema wa mianzi. Ukitetereka pale juu, unamwangusha nani? Wagema hao hao. Sasa huo utakuwa ukweli wa kumfaa nani?"

Hoja hiyo ilimuudhi Oresta. Mtu mwovu akisema jambo lenye chembe ya haki, unatamani umpige teke.

"Nikisema kilichomo kwenye kiambatisho?"

"Umevunja kiapo cha kufuli ya mdomo. Miaka saba jela, na leseni kwaheri." Chavala akatabasamu. "Lakini hutasema. Mwaka juzi uliusoma ule waraka wa kiwanda cha saruji, na taa ikawa kijani. Mimi nilikuwepo. Unadhani malipo yako yalipanda maradufu kwa nini?"

Hilo nalo lilikuwa kweli. Mwaka juzi Oresta aliongopa mara moja, neno moja, bila kupanga, na Mizani haikumkamata. Hakumwambia mtu. Kumbe walijua, na walimpenda kwa sababu hiyo.

* * *

Barazani mwa soko palikuwa na wagema wapatao mia mbili, waliofika kwa treni ya alfajiri. Walivaa makoti mazito na viatu vya mpira vyenye tope jekundu, na walinzi waliwatazama kama watu walioingia harusini bila kadi. Kati yao alikuwepo Aurelia Mfilinge, dada wa tumbo moja wa baba yake Oresta, kiongozi wa wagema kwa miaka kumi na tisa. Fomu za soko zilimuuliza mtamkaji kuhusu mume, watoto na wazazi wenye hisa. Shangazi walisahauliwa. Bila shaka walioandika fomu hizo hawakulelewa na shangazi.

"Kamwene, shangazi."

"Kamwene, mwanangu. Mbona umekonda? Hawa watu wanakulipa au wanakunyonya?" Mama huyo akamshika mkono wenye bangili, akautazama, akacheka. "Leo ndiyo siku. Nimeshamwambia fundi achimbe msingi. Nyumba ya vyumba vinne, bati la rangi, na choo cha ndani. Wenzangu wananicheka ati nitakuwa naogopa kwenda chooni kwa kuwa karibu na jiko."

"Unauza zote?"

"Nauza nusu, nyingine wanichukulie hisa za Lihumbe. Si wamesema kazi zinabaki? Asubuhi nagema mianzi yangu, jioni nakaa kwenye nyumba yangu. Mungu anipe nini tena?" Akainama sikioni. "Wewe soma vizuri tu. Usikohoe."

Walizinunua hisa hizo kwa kukatwa mshahara, mwaka hadi mwaka. Wengine hawakujua kusoma, lakini bei ya hisa waliijua kuliko bei ya chumvi. Oresta alimtazama shangazi yake, vidole vyeusi kwa utomvu, kucha ya gumba iliyopasuka kwa kisu cha kugemea, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hii alitaka kulia mahali pa kazi. Neno moja tu lingetosha. Lakini neno hilo lilikuwa na miaka saba nyuma yake, na hata kama angelisema, je, angekuwa amemwokoa shangazi au amembomolea nyumba?

Kengele ya kwanza ikalia.

* * *

Mwenyekiti wa Lihumbe, Mzee Faustin Mbano, aliingia ukumbini kama mtu aendaye kwenye karamu yake mwenyewe. Alikuwa bonge la mtu, mcheshi, Mngoni wa Songea aliyejivunia Ungoni wake kwenye kila jukwaa. Naye alivaa bangili, maana baada ya muuzaji kutamka ilikuwa zamu yake.

"Ninyi Wahehe!" akaunguruma alipomwona Oresta. "Nimeacha mbwa wangu kwenye gari huko nje. Nimpeleke Songea kwanza, au nitakuta mmeshamla?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Hata wagema waliosimama nyuma walicheka, kwa kuwa Wahehe na Wangoni ni watani tangu babu zao walipochoka kuuana.

"Mzee Mbano, mbwa wako mwembamba, hatumtaki," Oresta alijibu. "Ninyi mliokuja mkikimbia kutoka Kusini mngeliwezaje kufuga mnyama akanenepa?"

Mzee akapiga makofi kwa furaha. Kwenye meza ya soko, afisa wa zamu, mwanamke mwenye miwani aitwaye Bi. Lukosi, aliandika kama kanuni ilivyotaka: *wametambuana kuwa watani, saa nne kasoro dakika tatu.*

Kanuni hiyo ilikuwa ya arobaini na moja, nayo ilikuwa na kisa chake. Mafundi walipokuwa wanaifunza Mizani kupambanua kweli na uongo, walizunguka nyanda za juu kurekodi watu palipo na watu wengi, na hapa kwetu watu wengi huwa msibani. Huko wakarekodi watani wakimtukana marehemu, wakidai aliwahi kuwaibia ng'ombe, wakilala kaburini na kugoma kutoka hadi wapewe chochote. Yote ni uongo mtupu, na mioyo yao myeupe kabisa. Mizani ikachanganyikiwa. Badala ya kuanza upya, wakubwa wakaandika kanuni: maneno ya watani waliotambuana si tamko, wala mtani hashitakiwi kwa maneno hayo. Wakaona wamemaliza. Walifikiri juu ya mdomo wa mtani anayesema. Moyo wa mtani anayesikiliza haukuwajia akilini.

Wala haukumjia Oresta, mpaka alipofika mstari wa tano.

Alisoma wa kwanza, taa ya kijani. Wa pili, kijani. Bei ubaoni ikapanda: mia sita sitini na sita, sabini, sabini na nne. Wa tatu, wa nne. Wa tano ulitaja tarehe ya mwisho: wanahisa wana hadi saa kumi alasiri kukubali shilingi mia saba, na zisipopatikana hisa asilimia hamsini na moja, ahadi inakufa. Kijani. Mapigo yake yalikuwa hamsini na nane tena, na alijua kwa hakika kwamba akiusoma wa sita taa haitabadilika. Angeweza. Hilo ndilo lililomtia hasira: kwamba angeweza, na kwamba Chavala, kiti cha mbele, alikwisha kukunja mikono.

Akaiweka karatasi mezani kifudifudi.

Akasimama, akazunguka meza, akavua viatu. Kisha, na suti yake ya kijivu aliyoipigia pasi kwa nusu saa, Oresta Kiyeyeu akalala chali sakafuni, katikati ya meza ya Nyololo na meza ya Lihumbe, akakunja mikono kifuani.

"Sitoki," akasema.

Halafu mgema mmoja nyuma akapaza sauti, "Mtani kaingia kaburini!" na kicheko kikapasuka upya. Mzee Mbano alicheka hadi akashika tumbo. Alikuwa mtu wa mila. Mtani akilala kaburini hamvuti mguu wala hamwiti polisi, unambembeleza.

"Bi. Lukosi!" Chavala alifoka. "Huyu anavunja tamko!"

"Kanuni ya arobaini na moja," afisa alijibu bila kuinua kichwa. "Mwacheni."

"Haya, mtani wangu," Mbano akasema, akiinama juu yake, anahema. "Umenizuilia maiti yangu. Unataka nini? Mbuzi?"

"Sitaki mbuzi. Wangoni hamna mbuzi, mnao wa kuiba tu."

"Ha! Unataka nini basi?"

"Nataka nijue kaburi nililolala. Maana naona refu, linatosha watu mia sita na zaidi." Akageuza shingo akamtazama usoni. "Niambie, Mngoni. Kiwanda cha Nyololo mnakizika lini?"

Mzee Mbano alikuwa bado anacheka. Mdomo wake ulicheka sekunde mbili nzima baada ya macho kuacha.

"Mngoni hazikwi... Mngoni haziki mtu asiyekufa," alisema, akijikanyaga. "Utani huo, mtani."

Yalikuwa maneno ya utani, na Mizani haikuyahesabu. Lakini ubaoni, juu ya jina la Lihumbe, mapigo ya mwenyekiti yalikwisha kuruka kutoka themanini hadi mia thelathini na nane, na jasho likaonyeshwa kwa mstari uliopanda wima. Mashine za wanunuzi wa hisa hazikujali kiwanda. Wala hazikujali mianzi. Zilijiuliza swali moja tu: wagema wakijua haya, bado watauza? Zikajibu hapana, nazo zikaanza kukimbia. Sita sitini. Sita kumi. Mia tano arobaini. Watu walisimama juu ya viti. Hisa ya Lihumbe yenyewe ikapanda, kwa kuwa sasa ilionekana kampuni haitalipa ile mia saba ambayo soko siku zote lilisema ni nyingi mno. Nyololo ilipotulia ilikuwa mia nne ishirini na nane, chini kuliko kabla Lihumbe hawajaleta posa yao.

Oresta akainuka akajipangusa vumbi.

"Sasa nimetoka," akasema.

* * *

Shangazi yake alimfikia kwenye ngazi. Hakumsalimia.

"Ulijua?"

Kiapo kilikuwa bado kinamfunga. Oresta alinyamaza, na kunyamaza kwake kulitosha.

"Tangu lini?"

Oresta akainamisha macho kwenye bangili.

"Mia nne ishirini na nane!" Aurelia Mfilinge akapiga paja. "Mwanangu, umeichoma nyumba yangu hata haijapauliwa! Na mbele ya watu, umelala chini kama mlevi!"

"Shangazi, mia saba bado ipo. Ahadi yao ni hadi saa kumi, hawawezi kuirudisha mfukoni. Soko linasema mia nne, lakini Lihumbe lazima walipe mia saba wakipata hamsini na moja. Nenda kaweke kidole chako. Sikuzuii, nakuapia."

"Halafu kazi?"

"Hilo jiulizeni wenyewe. Asubuhi hamkuwa mkijua la kujiuliza."

"Usinifundishe!" shangazi akabweka. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Ungeninong'oneza. Ungenikonyeza tu. Mimi ni damu yako."

"Nikunong'oneze wewe uuze, na wale mia sita wabaki gizani?"

Shangazi akageuka akaenda zake. Wagema waliketi uani kwa mduara, wakapitisha mbeta, kile kipande cha mwanzi cha kunywea ulanzi, pombe ya mianzi. Kwao anayeshika mbeta ndiye anayesema, na wengine hungoja hata kama anasema upuuzi. Kwa muda wa saa tano walisemezana. Oresta aliwatazama kupitia dirisha la chumba alichowekwa chini ya ulinzi akingoja kikao cha nidhamu. Aliona mikono ikirushwa, mzee mmoja akitupa kofia chini, wanawake wawili wakikaribia kushikana. Aliona watu wakitoka mmoja mmoja kwenda kwenye kibanda cha kuweka kidole, na kila aliyekwenda alimkata maini, na hata hivyo hakuweza kumlaumu.

Saa kumi kamili ubao uliandika: *Hisa zilizotolewa, asilimia arobaini na sita. Ahadi imekufa.*

* * *

Kikao cha nidhamu kilikaa jioni ile ile, chumba kidogo, Bi. Lukosi mezani, Chavala pembeni, amenuna. Bangili ilibaki mkononi mwa Oresta na Mizani ilikuwa wazi, kwa kuwa sheria ilitaka soko lisikie majibu ya mtamkaji anayehojiwa.

"Kiapo hakikuvunjwa," Bi. Lukosi alisema. "Uliuliza, hukusema. Na kanuni inakulinda. Lakini hukumaliza kusoma tamko ulilokubali kulisoma, na kwa hilo leseni yako inakoma leo. Una la kupinga?"

"Sina."

"Sheria inampa mwanahisa yeyote aliyepata hasara haki ya kuuliza swali moja. Yuko mmoja."

Mlango ukafunguliwa akaingia Aurelia Mfilinge. Alikuwa amevua viatu vya mpira na kuvishika mkononi, asije akachafua zulia la watu. Hakumtazama mpwa wake. Aliitazama taa.

"Mimi niliweka kidole," alisema. "Nusu na nusu nikaona upuuzi, nikaweka zote. Nimegema mianzi zaidi ya miaka ishirini, magoti yameisha, nilitaka nyumba. Wenzangu wamenishinda. Sasa nauliza." Akaisogelea meza. "Ungejua asubuhi ya leo kwamba mimi, mimi Aurelia niliyekulea, nitakosa kila kitu, ungelala pale chini?"

Oresta aliusikia moyo wake. Haukuwa hamsini na nane. Ulipiga masikioni, kooni, kwenye vidole vya miguu, na ubaoni nje kila mtu alikuwa anauona: mia na kumi, mia ishirini na tano. Chavala alijiinua kitini kwa hamu. Hakuna mtamkaji aliyewahi kuonyesha mapigo kama hayo taa isiwe nyekundu.

"Ningelala," Oresta akasema. "Na kesho ningelala tena."

Taa ikawa kijani.

Aurelia Mfilinge aliitazama. Kisha akaanza kuvaa viatu vyake pale pale juu ya zulia, kimoja, kingine, na tope likadondoka.

"Andika kwamba mlalamikaji hana swali lingine," alimwambia afisa. "Mianzi inangoja, na treni inaondoka saa mbili." Akafika mlangoni, akageuka. "Na andika kwamba bado nimekasirika."

Bi. Lukosi akaandika.